Shahidi Mmoja wa Mzee Julius

Karatu,
10 Novemba 2024

Kaka Thomasi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe, wifi Soila na watoto. Goti linaendeleaje? Nilimpa Senteu ile dawa ya kuchua akuletee, natumaini hakuimaliza yeye njiani. Na wanafunzi wako wa Malambo, wamerudi darasani au bado wamefuata ng'ombe na malisho? Sisi huku tu wazima. Mbaazi tulivuna vizuri, bei ikatucheka. Vuli imechelewa na upepo unatutia mchanga mpaka ndani ya chai. Evarista wangu yuko darasa la tano sasa, anakusalimu, na anadai ulimwahidi mbuzi. Nimemwambia ahadi za mjomba ziombewe rozari.

Kikaratasi chako kimenifika. Umeandika mistari miwili tu, kama mtu anayetuma simu ya maandishi ya zamani. Unauliza kwa nini Baba analinda duka la Abdulwahabu hapa mjini, katika umri ule, na unauliza nani anakaa josho siku hizi. Umesikia kwa Senteu, najua, maana yule akibeba mbuzi ishirini kwenye lori lake hubeba na umbea wa gunia zima. Neno "Baba" umelipigia mstari chini. Nimeuona. Wewe mwite Baba. Mimi nilishaacha tangu nilipokabidhiwa mhuri wa Mtendaji wa Kata, kwa sababu mtu hawezi kumwandikia baba yake notisi ya kuhama. Humu ndani nitamwita Mzee Julius.

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatia katikati, na mimi sipendi kukatiwa. Barua unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma. Tena ukiisoma, isome peke yako. Wifi asikusomee.

Unaijua kazi yangu, ingawa hujawahi kuiheshimu. Mali ya umma, Kaka, kila mtu huiona yake mpaka siku ya kuifanyia usafi. Nilipokuja kata hii nilikuta uwanja wa shule umeliwa. Majirani hawakuvamia kwa panga, la hasha. Kila msimu walilima mtaro mmoja zaidi. Mtaro mmoja hauonekani, na ukimuuliza mtu atasema jembe liliteleza. Baada ya miaka kumi golikipa alikuwa anadaka mpira akiwa amesimama kwenye maharage. Wengine hupanda migomba kwenye hifadhi ya barabara, halafu ukiwaambia toka wanakuonyesha mkungu. Na walio wajanja kuliko wote huzika. Huku kwetu kaburi ndiyo hati ya asiye na hati. Mtu akishamlaza mzazi wake mahali, nani atakuwa na kifua cha kumwambia hapa si kwako? Mimi nilikuwa nacho. Katika miaka minne nimewaondoa wavamizi kumi na mmoja, na cheti cha pongezi kiko ukutani, umekiona.

Sasa josho. Usije ukadhani nimesahau lolote. Baba yetu mzazi alipokufa, baba zetu wadogo walimfukuza Mama na sisi wawili, na sufuria moja, na Mzee Julius, mhudumu wa josho, ndiye aliyetufungulia mlango. Alitupa chumba chenye sakafu, yeye akalala stoo ya dawa za kupe. Miaka miwili baadaye wakafunga ndoa kanisani. Dawa za josho zilipoacha kuletwa na ng'ombe wakaacha kuoshwa, serikali ilimsahau palepale, naye akabaki, analima, analinda mabomba yasiyotoa maji. Nakumbuka alinibeba mgongoni kuvuka korongo lililojaa, siku ya mtihani wa darasa la saba, na daftari langu akaliweka ndani ya kofia yake lisilowe. Nakumbuka Mama alipofariki mwaka 1999. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano na mimi kumi na mmoja. Mzee alimzika nyuma ya nyumba. Msalaba aliuchomelea mwenyewe kutoka kwenye bomba la josho, akapanga mawe kuzunguka kaburi, na kila Pasaka aliyapaka chokaa upya. Haya yote ninayo kichwani, hakuna hata moja lililopotea.

Mwaka jana wanawake wawili wa kata yangu walikufa wakibebwa kwenda kujifungua. Mmoja alifia kwenye korongo lilelile, machela ikiwa mabegani kwa watu. Halmashauri ikapata fungu la kujenga zahanati, kwa sharti kwamba eneo liwe halina mgogoro, la sivyo fungu lirudi lilikotoka. Eneo pekee la umma lililo tambarare lilikuwa josho, ekari nane. Nikaenda kumweleza Mzee Julius. Hakukataa zahanati, sitamsingizia. Alisema tuchukue kuanzia josho mpaka barabarani, tumwachie nyumba na kaburi. Nikamwambia mali ya umma haikatwi kama keki ya ndoa, mwalikwa huyu kipande na yule kipande. Akacheka. Akasema nimekuwa mkali kama mama yangu. Mimi sikucheka, nikamwandikia notisi ya siku thelathini.

Hakuhama. Akasema amekaa pale miaka arobaini na saba, na ule upande wa nyumba alipewa na kijiji mwaka 1976, kwa mdomo wa wazee ambao wote sasa wamekufa. Halmashauri ikamshtaki kwenye baraza la ardhi kama mvamizi. Mwanasheria wetu, kijana nadhifu anayetembea na kitambaa cha kufutia viatu, alinieleza mambo yalivyo. Miaka kumi na miwili ya kukaa bila kufukuzwa inaweza kumpa mtu haki juu ya shamba la jirani, lakini juu ya ardhi ya umma haimpi kitu. Hapo nikafurahi. Lakini akasema lazima kwanza tuoneshe kwamba ile kweli ni ardhi ya umma, ekari zote nane, na faili la josho halionekani. Lilipotea Karatu ilipogawanywa kutoka Mbulu, makabati yaliposafirishwa kwa lori. Bila ramani, baraza litakwenda kutazama ardhini. Na wakikuta kaburi la mwaka 1999, lenye msalaba na mawe yaliyopakwa chokaa, wataamini pale ni nyumbani kwa mtu. Akanitazama akasema kaburi lile ndilo kesi nzima. Hakuniambia nifanye lolote. Watu nadhifu hawasemi mambo kama hayo.

Machi mwaka huu Mzee Julius aliugua kifua. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, nikamlaza, nikamnunulia maziwa. Manesi walinisifu kwamba mzee ana binti. Alilala siku tisa. Siku ya mnada, kijiji kizima kikiwa kimeshuka mjini na mbuzi wao, nilileta trekta josho. Nilimwambia dereva tunaandaa shamba darasa la mahindi. Akapita mara tatu na jembe la sahani. Msalaba niliutoa kwanza, kwa mikono yangu, ulikuwa umeshikilia kweli, nikauuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mawe niliyapakia kwenye toroli. Ukifika ofisini kwangu utayaona, yanazunguka mlingoti wa bendera. Yamependeza, wageni wote wanasema hivyo. Jioni nikapanda mahindi.

Mzee aliporudi kutoka hospitali alisimama pale ukingoni mwa mahindi muda mrefu. Kisha akaja ofisini, akitembea kwa fimbo, akaniuliza kama najua nani amefanya vile. Alipita kando ya mlingoti akiingia na alipita kando yake akitoka. Nilimwambia siku hizi vijana hawana adabu, wanaiba hata misalaba. Akasema ndiyo, dunia imeharibika, akaniuliza kama Evarista amepona mafua.

Unajiuliza majirani walikuwa wapi. Walikuwepo. Wengine walibeba jeneza la Mama. Lakini kila mmoja wao alikuwa na jambo lake mezani kwangu, huyu mbolea ya ruzuku, huyu barua ya mkopo, huyu mwanawe anataka kuandikishwa. Na wote walitaka zahanati. Nikawaambia tu kwamba shauri liko barazani na anayelizungumza ovyo atajieleza. Mwenye nguvu mpishe, wakanipisha.

Mzee Julius naye hakuwaomba. Baraza lilipomtaka ataje mashahidi wake, alitaja mmoja: mimi. Mwanasheria wetu alidhani mzee amechanganyikiwa, maana mimi nilikuwa upande wa waliomshtaki. Yeye akasema mtoto wa marehemu anatosha, kwa nini awasumbue watu wenye kazi zao. Mwanasheria alicheka mpaka akatoa kile kitambaa chake akafuta macho.

Baraza lilikuja josho mwezi Mei, mwenyekiti na wazee wawili wa baraza na karani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mzee Julius akawaongoza hadi mahali, akasimama, akasema hapa ndipo alipolala mke wangu Brigita. Mwenyekiti akatazama mahindi akauliza iko wapi alama. Mzee akasema ziliondolewa. Mmoja wa wale wazee wa baraza, mtu wa kwetu, alionekana kumhurumia, akashauri basi pachimbwe kidogo tu, ijulikane mara moja. Futi chache za udongo, Kaka, na ningekuwa nimekwisha.

Mzee Julius akakataa. Alisema marehemu hafukuliwi ili atoe ushahidi. Alisema mtu akishalazwa amelazwa, na mwenye kumsumbua aliyelala analeta ukame kwa nchi nzima, si kwa nyumba yake tu. Akasema, kwa upole uleule unaoujua, kwamba shahidi wake yuko pale amesimama, waniulize mimi.

Nikaapa kwa Biblia. Mwenyekiti akaniuliza kama namfahamu mdaiwa. Nikasema namfahamu, alikuwa mhudumu wa josho na alimwoa mama yangu. Akauliza kama kuna mtu aliyezikwa katika eneo lile. Nikasema hakuna. Akauliza basi mama yangu alizikwa wapi. Nikasema kwenye shamba la ukoo wa baba yangu mzazi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kichwani pa Mama, na viatu vyangu vilikuwa na udongo wake.

Mwenyekiti akamwambia Mzee Julius ana haki ya kunihoji. Mzee akanitazama. Nilimsubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Akasema hana swali la shauri, ila angependa kujua kama nimekunywa chai, maana naonekana sina nguvu. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akamwomba asinichukulie vibaya. Akasema nilikuwa mtoto mdogo wakati ule, nimesahau. Karani akaandika hivyo: shahidi amesahau.

Nilimchukia siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Bora angenipiga kofi.

Hukumu ilitoka Juni. Ardhi ni ya umma, ekari zote nane. Mdaiwa alikaa pale kwa ruhusa ya mwajiri wake na hakuna miaka inayomgeuza kuwa mwenye mali. Ahame ndani ya siku kumi na nne. Nilisimamia mimi mwenyewe kubomoa, maana ukimwachia mgambo wanaiba mabati. Alitoka na kitanda, redio na debe la mbegu. Abdulwahabu, mtu ambaye si wa dini yetu wala wa kabila letu, ndiye aliyempa kachumba nyuma ya duka, kwa kazi ya kulinda. Watu wakasema mbele yangu kwamba asante ya punda ni mateke. Nikawauliza kama wana shida yoyote ofisini kwangu. Hawakuwa nayo.

Sasa zahanati imefika lenta, juu ya madirisha. Mwakani, Mungu akipenda, wanawake wa kata hii watajifungua chini ya bati zuri, na hakuna atakayefia korongoni. Uandike hilo pia kwenye hesabu zako za dhambi zangu, upande wa pili.

Mwezi Septemba mafundi walikuwa wanachimba shimo la maji machafu. Fundi mkuu, Matano, mtu wa Tanga anayejua kunyamaza, alinipigia simu akaniomba nifike haraka na nisije na mtu. Walikuwa wamekuta mbao zilizooza na mifupa. Na rozari, Kaka. Ile ya buluu, ya Mama, ambayo punje yake moja wewe uliibadilisha kwa kitufe cha shati. Kitufe kipo. Nilimwambia Matano ni makaburi ya zamani ya watu wasiojulikana, yapo mengi nchi hii. Akasema ndiyo mama, akachagua kuniamini. Nikakusanya mwenyewe, sikumwachia mtu. Niliweka ndani ya mfuko wa saruji, na mfuko ndani ya sanduku la bati la ofisi, lile tunalohifadhia nyaraka za zamani. Liko stoo, nyuma ya majembe ya sherehe za Mwenge wa Uhuru. Ufunguo ninao mimi. Mama yuko huko. Mwezi wa pili sasa.

Siwezi kumzika. Katika kata hii anayeandika kibali cha mazishi ni mimi, na kibali kinataka jina la marehemu na tarehe ya kufa na mahali alipolala kabla. Niandike nini? Kila anayetaka jembe namwambia stoo imejaa panya.

Mpaka hapa nadhani umeshanilaani, na pengine unasema afadhali imekwisha. Haijaisha. Kuna jambo nimeliruka makusudi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya hukumu kulikuwa na siku arobaini na tano za kukata rufaa. Binti mmoja anaitwa Nasma, mwanasheria wa shirika la msaada wa kisheria, alimfuata Mzee Julius dukani kwa Abdulwahabu na kumwambia atamsaidia bure. Alikwisha kuzungumza na majirani wanne, nje ya kata, mahali nisipowafikia, nao walikuwa tayari kusema waliona kaburi. Kilichobaki kilikuwa Mzee aweke kidole kwenye maelezo kwamba shahidi Selestina alisema uongo chini ya kiapo. Mzee akaniuliza, kupitia kwa Abdulwahabu, mtu akisema uongo chini ya kiapo anafanywaje. Nilipata ujumbe huo siku ya ishirini na sita.

Siku ya ishirini na nane ililetwa bahasha ya kaki ofisini kwangu. Ilitoka Mbulu. Karani mmoja mzee, ambaye nilimwandikia mwaka jana nikakata tamaa, alikuwa amelikuta faili la josho chini ya kabati la idara ya mifugo. Ndani kulikuwa na ramani ya mwaka 1976, imechorwa kwa mkono, ina mhuri. Eneo la josho limezungushiwa mstari mwekundu. Ni ekari sita na nusu. Ile moja na nusu iliyobaki, yenye nyumba, iko nje ya mstari, na ndani yake imeandikwa kwa wino: Julius Tluway, amepewa na kijiji. Nilipima kwa rula mara nne. Kaburi la Mama liko katikati ya kipande hicho.

Halikuwahi kuwa ardhi ya umma, Kaka. Nililima kaburi la mama yangu nikilinda mali ya umma mahali ambapo umma haukuwa na hata unyayo.

Ningeweza kuipeleka ile bahasha kwa mwanasheria siku hiyohiyo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Msingi ulikuwa haujachimbwa, ungesogezwa tu, ekari sita na nusu zinatosha zahanati mbili. Hiyo ndiyo njia aliyoitaka Mzee tangu mwanzo, josho mpaka barabarani. Lakini pangekuwa na maswali juu ya mahindi, na juu ya mawe, na juu ya kiapo.

Nilinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda kwa Mzee Julius. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wangu, sijui kwa nini niliibeba. Nilimkuta amekaa kwenye kreti ya soda anasikiliza redio. Nilipiga magoti. Unanijua, mimi sikupiga magoti hata siku ya harusi yangu. Nililia, na machozi sikuyaigiza, ila niliyatumia. Nikamwambia akikata rufaa nitafungwa, na Evarista atabaki bila mama kama nilivyobaki mimi. Nikamwita Baba. Sikuwa nimemwita hivyo kwa miaka minne, na nilijua vizuri kabisa bei ya neno lile nilipolitoa.

Akaniinua. Akasema yeye hawezi kumfunga binti yake kwa ajili ya udongo. Akaniwekea mkono kichwani akanibariki kwa Kiiraqw, baraka ndefu ya wazee, njia yangu iwe na umande, maziwa yangu yasikauke, nizeeke nikiwa na watu. Niliitikia kila aliponyamaza, kama inavyotakiwa. Mkoba ulikuwa gotini mwangu muda wote. Nasma alikuja tena mara mbili na Mzee akamwambia amechoka na mahakama. Siku ya arobaini na tano nilikaa ofisini mpaka saa kumi, saa ya kufunga, ndipo nikanywa chai.

Ramani iko kwenye sanduku lilelile, juu ya Mama. Wewe sasa ndiye mtu wa pili kuyajua yote haya. Sikuombi unisamehe, kwa sababu sijajua bado kama nimejuta au naogopa tu, na padri anasema hayo ni mambo mawili. Ninachokuomba ni kimoja. Njoo na lori la Senteu, sanduku lile si zito, ulichukue ukamzike Malambo. Huko mimi siandiki vibali. Na ukitaka kuichukua ramani pia ukampelekea Nasma, sitakuzuia. Nimekuandikia kila kitu kwa mwandiko wangu na sahihi yangu iko chini. Zahanati itasimama, mimi nitakwenda jela, na Mzee atapata kipande chake chenye shimo la maji machafu katikati. Amua wewe. Mimi nimezoea kuwaamulia wengine, hili limenishinda.

Wasalimie wote nyumbani, wifi Soila hasa, umwambie kitenge alichoagiza nimekipata. Wasalimie walimu wenzako. Evarista anauliza mbuzi.

Mzee Julius naye anakusalimu sana. Nilimpitia jana kumwambia naandika barua, akafurahi, akaniambia nisikusumbue kwa habari za kesi. Anasema ukija likizo uje na saruji, umjengee Mama kaburi hata kama ni ndani ya uzio wa zahanati, daktari hawezi kukataa. Anasema usiwe na wasiwasi kwamba alama hazipo, yeye alipima zamani: hatua thelathini na mbili kutoka kwenye ngazi ya josho, ukiwa umeupa uso mlima Oldeani. Amenifanya nirudie mara mbili ili nisije nikasahau.

Ni mimi mdogo wako,
Selestina